Mali ya Abdulla: Tangazo Lililofungwa Kiunoni



Biharusi wa pwani akifungua sanduku lake hakosi kukuta doti za kanga, na kisutu kimo. Na sote tuna tabia moja: kabla hatujauliza bei, tunaikunjua kanga tusome jina. Tabia hiyo ina historia, na dada yeyote anayetaka kuanza biashara ana la kujifunza humo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa miji yetu walikuwa wakinunua vitambaa vya leso na kuvishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wapate nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, na viwanda vya Uingereza na Uholanzi vikawa vinachapa kwa ajili ya pwani hii. Angalia nani alitangulia. Wanawake ndio waliosema wanataka nini, na muuzaji aliyefaulu ni yule aliyewatazama kwanza.

Tena nguo ile ilibeba uzito. Mjakazi alivaa merikani au kaniki, nguo duni isiyo na pambo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wengi waliotoka utumwani walivaa kanga ili waonekane kuwa ni watu huru kama wengine. Aliyeuza kanga alikuwa anauza heshima, na maneno yake yalipaswa kulingana na heshima hiyo.

Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887. Shida yake ilikuwa ile ile yetu: bidhaa zinafanana, mteja atajuaje ya nani? Akaweka alama kwenye nguo yenyewe: herufi K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”. Hakuhitaji mpiga mbiu. Kila mwanamke aliyejifunga kanga ile akaenda harusini alilitembeza duka lake. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa pale, nguo ikichuja rangi, aibu ilikuwa yake.

Yeye pia ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuongeza methali za Kiswahili, mfano wa “Wema hauozi”. Mwanzoni majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu waliopita chuoni walizisoma hizo. Wasomaji walipobadilika, zikaja herufi za Kirumi. Maneno yalimfuata msomaji alipo.

Lakini yakishatoka dukani, maneno si yako tena. Wanawake waliyachukua wakasemezana nayo: mke mwenza, jirani, wifi. Kanga moja imepatanisha ndugu na nyingine imevunja udugu, bila mtu kufungua mdomo. Muuzaji hakukusudia, ila neno lilikuwa lake.

Mimi nilipoanza kuuza udi, niliandika tangazo refu: aina zote, bei zote, picha kumi. Shoga yangu akalisoma mpaka mwisho, akaniuliza, “Kwani unauza nini?” Nilicheka, lakini iliniuma. Nilikuwa nimesahau somo lililoko kiunoni kwangu kila siku.

Basi dada, kabla hujatangaza hina, keki au mashono yako, kaa kitako na karatasi. Nasema na nani: biharusi, au mama yake anayelipa? Nina neno gani moja la kumwambia? Atalikuta wapi, kwa lugha gani, na wakati gani, kabla ya msimu wa harusi au umeshapita? Nani anaweza kuumia nalo? Mwisho jiulize kama uko tayari kuliweka jina lako pembeni yake, kama Abdulla, na kuchukua lawama bidhaa ikiharibika.

Ukishajibu hayo, neno fupi latosha. Jina la kanga ni mstari mmoja tu, na bado tunaikunjua tulisome.