Mgeni Njoo: Ligi Kuu Katika Nyanda za Ufipa

Jumapili ya tarehe 2 Agosti 2020, Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Simba ya Dar es Salaam ilikutana na Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, na ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Luis Miquissone, kijana wa Msumbiji, na nahodha John Bocco waliifungia Simba, na Edward Manyama akairudishia Namungo moja. Kombe likapanda gari na kurudi lilikotoka. Timu zote mbili zilikuwa ngeni. Mwenyeji wa siku hiyo alikuwa uwanja wenyewe, pamoja na watu waliouzunguka.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu hutamkwa kwa furaha mlangoni, kabla mgeni hajavua viatu. Historia ya kandanda katika Ufipa yaweza kusomwa yote kwa kipimo chake. Mgeni amekuja, tena zaidi ya mara moja. Swali lililobaki ni kama mwenyeji amepona.

Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wenye baridi, wastani wa mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Jina lake hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri ya kutupa uchawi: aingiaye mjini na auache nje. Kusini-magharibi ya mji, katika nchi ya Matai, Msanzi na vijiji vinavyoelekea bandari ya Kasanga, ardhi hulimwa kwa matuta ya mviringo yaliyofunika majani mabichi ili yaoze na kuurutubisha udongo. Hapo kale, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, nao walikuwa na tawala zao mbili, Nkansi na Lyangalile. Si nchi isiyo na historia iliyosubiri mpira uje kuipa jina. Lakini kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na ligi ya taifa, tangu ilipozaliwa, imeegemea pwani.

Ligi hiyo ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu iliyobadili jina mwaka 1971 ikaitwa Simba. Mpinzani wake, Young Africans, ambaye nchi nzima humwita Yanga, alikuwa na umri wa miaka 30 wakati huo. Kwa watu wa Ufipa, ligi ilifika kwanza kwa sikio. Redio Tanzania ndiyo iliyoipandisha uwandani. Mtangazaji alisema mpira uko wingi ya kulia, na msikilizaji, aliyekaa mbele ya duka au kando ya ghala la mahindi, akajichorea kichwani wingi ya kulia ya uwanja ambao hajauona. Hivyo ndivyo watu wasiopata kuiona bahari walivyokuwa Simba au Yanga, wakarithisha watoto wao upande kama wanavyowarithisha shamba.

Msomaji wa pwani hatashangazwa na jambo hili. Kugawana mji katika pande mbili, kila upande ukajipamba, ukatunga nyimbo na kumkejeli mwenzake, ni desturi aliyoijua kabla ya kuijua kandanda. Ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, iliondoka pwani ikaingia bara pamoja na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikafika hata kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako vijana wa Ufipa nao walikwenda kutafuta kazi. Simba na Yanga walipita njia iliyokwisha kukanyagwa. Pwani ilikuwa imezoea kuuza bara ushindani wake, na bara lilikuwa limezoea kuununua.

Ufipa nao ulikuwa na cha kutoa. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, mikoa ambayo ghala la taifa liliitegemea. Magunia yalishuka kwenda mijini, na sauti ya mpira ikapanda kwenda vijijini. Mizani hiyo ilikuwa na upande mmoja mzito. Aliyelisha mji alipewa habari za mji, wala hakuna aliyemuuliza kama naye ana habari zake.

Ukiitazama orodha ya mabingwa, ramani ya nchi hujitokeza. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa milima ya Rungwe, ilipanda daraja na kuutwaa mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga iliupata mwaka 1988, na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ikautwaa miaka miwili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu 2001 hadi msimu wa 2024/25, ubingwa haukutoka tena nje ya Dar es Salaam: ulikuwa wa Simba au wa Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 Azam ilipouchukua. Rukwa haimo katika orodha hiyo, mwanzo wala mwisho.

Sababu haikuwa uhaba wa miguu. Timu za mikoani ziliishi kwa mgongo wa taasisi. Reli, pamba, sukari, bandari, ushirika, polisi, magereza na jeshi ndizo zilizowaajiri wachezaji, zikawapa mshahara wa kazi nyingine ili wacheze mpira. Mchezaji alikuwa karani au askari asubuhi na mshambuliaji jioni. Huo ndio uliokuwa weledi wa nusu-nusu wa ligi ya Tanzania, na kwa miaka mingi ulitosha. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilizokuwa zikiyategemea zilidhoofika pamoja nayo. Zilizokuwa na dola nyuma yake, yaani za majeshi, zilisalia. Mkoa wa wakulima wadogo, usio na kiwanda kikubwa wala reli, ulikuwa na mgongo upi wa kuuegemea?

Tena palikuwa na barabara. Mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii, safari ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 224, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Lami ilikuja kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini na Tanzania na Marekani mwaka 2008. Wengi walisema barabara hiyo itatoa mahindi. Wachache walifikiri kwamba italeta timu. Ligi ni safari kabla ya kuwa mchezo: basi, mafuta, kitanda, chakula cha watu ishirini na kitu, kisha kurudi na kuanza tena. Msimu wa 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20 lakini haikuwa na mdhamini mkuu. Katika hali kama hiyo kila kilomita huhesabiwa, na mji ulio mbali huwa mzigo kabla haujapata kuwa mwenyeji.

Kwa hiyo yaliyotokea mwaka 2020 yalikuwa makubwa kuliko yalivyoandikwa. Ligi ilisimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikarejea Juni, na fainali ya kombe ikapelekwa Sumbawanga. Msimu mpya ulipoanza, Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza yenye maskani Mbeya, iliufanya Uwanja wa Nelson Mandela kuwa uwanja wake wa nyumbani. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na timu tatu za Ligi Kuu msimu huo: Prisons, Mbeya City na Ihefu. Jirani yake Rukwa haukuwa na hata moja. Ukaazimwa moja.

Jina la uwanja huo nalo lastahili kutajwa. Nyanda za juu za kusini zimeandika historia yao kwa viwanja vya mpira: Sokoine uko Mbeya, Samora uko Iringa, Majimaji uko Songea, na Mandela uko Sumbawanga. Atakayesafiri kuifuata ligi katika pande hizo atasoma, uwanja baada ya uwanja, shairi fupi la ukombozi ambalo hakuna mshairi aliyelitunga. Ila jina kubwa halijazi jukwaa. Kinachojaza jukwaa ni mchezo wenye maana kwa waliokaa humo.

Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba 2020 maana hiyo ilipatikana. Simba, bingwa mtetezi aliyekuwa hajapoteza mchezo tangu msimu uanze, alipanda Ufipa kucheza na Prisons. Mapema katika kipindi cha pili Samson Mbangula aliifungia Prisons bao, na bao hilo likabaki peke yake hadi filimbi ya mwisho. Msimu ulipokwisha Simba walikuwa mabingwa tena, na jedwali likakimeza kipigo kile kama bahari inavyolimeza jiwe. Lakini kwa dakika tisini Sumbawanga palikuwa ndipo mahali ambapo nchi nzima ilitega sikio. Kwa mara moja sauti ilitoka uwandani ikashuka pwani.

Hata hivyo ushindi ule ulikuwa wa nani? Prisons walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya ili wawe nyumbani. Simba, aliyeitwa mgeni, alikuwa ameishi katika redio za Ufipa kwa zaidi ya nusu karne. Shabiki wa Simba aliyetoka Matai au Msanzi kwenda uwanjani siku hiyo alimkuta mgeni ambaye ni wake, akicheza na mwenyeji ambaye si wake. Hapo ndipo uchungu wa jambo ulipo. Mkoa uliolelewa kushangilia timu za mbali haujifunzi kwa msimu mmoja kuitazama jezi iliyo karibu ukasema: hii ni sisi.

Visiwani uchungu huu unajulikana kwa sura nyingine. Zanzibar ina ligi yake, viwanja vyake na klabu zake zenye historia. Wakati wa Ligi ya Muungano, iliyoanza mwaka 1982, Malindi ya Unguja iliwatangulia vigogo wa Bara ikatwaa ubingwa mwaka 1989 na mwaka 1992. Ligi hiyo ilipokufa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, klabu za Visiwani zilibaki na mashindano yao wenyewe, ilhali mashabiki wao waliendelea kugombana barazani kuhusu Simba na Yanga. Tarehe 16 Machi 2017 Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa Shirikisho la Kandanda Afrika, na mwezi Julai mwaka huo huo ikavuliwa. Unguja na Ufipa ziko mbali, na hali zao si moja: kisiwa kina timu na hakina kiti, uwanda ulipewa kiti na haukuwa na timu. Lakini zote mbili zimewahi kuusikiliza mpira wa taifa kama mtu anayesikiliza arusi ya nyumba ya pili.

Fedha zimekuja tangu wakati ule. Mwaka 2021 Azam ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikaingia kuidhamini ligi. Picha sasa hufika kila kibanda chenye umeme, na mtoto wa Msanzi haitaji tena kuichora wingi ya kulia kichwani. Faida hiyo si ndogo. Pamoja nayo, jambo moja limekuwa gumu zaidi: timu ya wilaya inayocheza Jumapili kwenye uwanja wa vumbi hushindana na runinga iliyo umbali wa hatua mia, na runinga haichoki wala haidai nauli.

Prisons walirudi Mbeya, kwenye Uwanja wa Sokoine. Hawana lawama; kila msafiri hurudi kwao. Sumbawanga ukabaki na uwanja wake, kumbukumbu ya kombe lililopita na bao moja la Oktoba. Kwa mwenye kupima haraka, hicho ni kidogo. Lakini kabla ya 2020 mtu angeweza kusema kwamba Ufipa ni mbali mno kwa Ligi Kuu, na asipate wa kumpinga. Sasa hawezi. Barabara ilipitika, bingwa alifika, akacheza, akafungwa.

Msemo wa wahenga hauahidi kwamba mgeni ndiye atakayeleta tiba. Husema aje kwanza, ili mwenyeji apate sababu ya kufagia ua, kuwasha moto na kuchinja jogoo aliyekuwa akimwekea akiba. Mgeni wa Ufipa alikuja, akala, akaaga. Ua umefagiliwa. Bado kuzaliwa mtoto wa nyumba hiyo atakayeucheza.