Kuipima Pumzi Iliyomo Ndani ya Damu

Mtoto akishikwa na kichomi, mama hutazama mbavu kama zaingia ndani kila avutapo pumzi, hutazama pua kama zapanuka, kisha humfunua midomo na kuitazama rangi yake. Hayo yote ni mambo ya maana, na madaktari nao huyatazama hata leo. Lakini hilo la mwisho, yaani rangi, lina udanganyifu mkubwa. Habari nitakayowaeleza wasomaji ni ya jinsi wataalamu walivyotafuta kwa muda mrefu kitu kiwezacho kuona vema kuliko jicho. Sisi tukaao Magindu, kando ya Reli ya Kati, jambo hili latuhusu sana, kwa maana kutoka huku mpaka hospitali ya Tumbi ni safari, na mzazi anayeamua kama mtoto aondoke usiku huu au angoje kupambazuke huamua kwa macho yake tu.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa hewa tuivutayo si kitu kimoja. Kama sehemu yake ya tano ni oksijeni, na hiyo ndiyo mwili uitakayo. Ikifika mapafuni huchukuliwa na kitu chekundu kilichomo katika damu, ambacho Felix Hoppe-Seyler, mtaalamu wa Ujerumani, alikiita himoglobini mwaka 1864. Mwaka huo huo George Stokes wa Uingereza alionyesha ya kuwa damu iliyobeba oksijeni na damu iliyoipoteza hazifyonzi nuru namna moja. Mtu aliyepata kuchinja mbuzi aweza kuliona jambo hili bila chombo chochote: bonge la damu iliyoganda huwa jeusi-jeusi kwa ndani, lakini ukilipasua na kuliacha penye hewa, upande ule uliopasuliwa hurudi kuwa mwekundu.

Basi ikiwa rangi ya damu hubadilika, kwa nini tusiitazame tu? Mwaka 1947, Marekani, Julius Comroe na Stella Botelho walilijaribu swali hilo. Waliwavutisha watu wazima wa afya hewa yenye oksijeni haba, nao watazamaji wengi wakawekwa waseme ni lini wanapoona rangi ya mgonjwa imegeuka. Ikaonekana ya kuwa wengi hawakuona kitu mpaka oksijeni ya damu ilipokwisha kushuka hata kufikia 80 hivi katika 100, na hapo mtu amekwisha kuwa katika hatari. Nasi wenye ngozi nyeusi jambo hili latuwia gumu zaidi, kwani rangi ile yafichika. Mwenye kuitafuta hana budi kutazama ulimi na ndani ya midomo.

Wakati huo chombo cha kupimia kilikuwapo tayari, ila kilikuwa cha taabu. Karl Matthes wa Leipzig alikuwa ametengeneza chake mwaka 1935, chenye kupitisha nuru katika ndewe ya sikio. Kisha katika vita ya 1939 mpaka 1945 marubani waliruka juu sana, penye hewa nyembamba, wakazimia bila kujua ya kuwa wanazimia. Kwa ajili yao Glenn Millikan, Mmarekani, akafanya chombo kingine cha sikioni akakipa jina la oksimita. Taabu yake ilikuwa hii: nuru ikipita sikioni haifyonzwi na damu peke yake, bali na ngozi, na nyama, na damu iliyotuama. Ilibidi sikio lipashwe moto, na chombo kirekebishwe kwa kila mtu. Ni nani angeyafanya hayo usiku, kwa mtoto anayelia?

Aliyeliondoa fundo hilo ni Takuo Aoyagi, mhandisi Mjapani aliyezaliwa mwaka 1936, wala hakuwa akitafuta kupima oksijeni. Alitaka kujua moyo husukuma damu kiasi gani, kwa kutia rangi katika mshipa na kuitazama kwa nuru inapopita sikioni. Lakini kila pigo la moyo lilikuwa likiutikisa mstari wake, likamharibia hesabu. Akatumia nuru za namna mbili, ile nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho iliyo ng'ambo ya nyekundu, akazilinganisha ili mtikisiko ufutike. Akafanikiwa, lakini oksijeni ya damu ilipobadilika, mtikisiko ukarudi. Ndipo akafahamu ya kuwa kile alichokuwa akikifuta ndicho chenye habari. Kwa maana ngozi haipigi, wala mfupa, wala ukucha. Kipigacho ni damu mpya itokayo moyoni. Ukihesabu kile kinachopanda na kushuka tu, umeipata damu hiyo peke yake. Mwaka huo ulikuwa 1974. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati ule ule ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa ukikifanya kifaa chake kijulikane hata na watu wasio wauguzi.

Leo hubanwa kidoleni mfano wa kibanio cha nguo, na baada ya kitambo kidogo huonyesha nambari. Mtu mzima wa afya akaaye nchi ya chini kama pwani yetu huwa na 95 au zaidi katika 100. Katika nchi za juu hupungua, na wapandao Kilimanjaro, penye mita 5,895, huiona ikishuka sana, maana kileleni kule hewa ni kama nusu ya hii yetu. Mtoto mgonjwa mwenye chini ya 90 ahitaji kupewa oksijeni.

Hospitali za Marekani zilikipokea miaka ya 1980. Kwetu kilichelewa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha ya kuwa katika Uganda ni waganga wa nusukaputi 23 tu katika 100 waliokuwa na vyombo vya kumlaza mtu mzima salama. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliiweka oksimita katika orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya kupasua mgonjwa. Na kule Kilifi, Kenya, madaktari waliandika mwaka 2009 ya kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 waliolazwa walikuwa na upungufu wa oksijeni, na ya kuwa kwa dalili za nje tu haikuwezekana kuwatambua wote.

Ingefaa habari iishie hapo, lakini haiishii. Kwa hesabu ya Aoyagi rangi ya ngozi haipaswi kuleta tofauti, kwa kuwa ngozi haipigi. Watengenezaji wakaridhika na hayo. Hata mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin, Marekani, wakaonyesha ya kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa hukosea zaidi, nacho hukosea kwa kutaja nambari kubwa kuliko ilivyo kweli. Ikapita miaka 30. Mwaka 2020 wakati wa maradhi yale makubwa jambo likapimwa tena: wagonjwa ambao kifaa kiliwapa 92 mpaka 96, damu yao ilipotolewa mshipani na kupimwa, kati ya weusi karibu 12 katika 100 walikuwa chini ya 88, na kati ya weupe karibu 4. Maana yake, mtu aliyehitaji oksijeni aliweza kuambiwa kwamba hana haja nayo.

Kanuni ya serikali ya Marekani ya mwaka 2013 ilitaka kifaa kijaribiwe kwa watu 10 au zaidi, na miongoni mwa hao 10 wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2. Wawili! Januari 2025 serikali hiyo ilitoa rasimu inayotaka watu 150 au zaidi, wa rangi zote. Lakini vifaa vilivyopita kwa kanuni ile ya kwanza vimekwisha kusambaa duniani. Kwa hiyo muuguzi ajuaye kazi yake, akiona 93 katika kidole cha mtoto mweusi ambaye mbavu zake zaingia ndani, huziamini mbavu.