Deni lililosubiri 1945: Askari wa Marekani mlangoni mwa Bunge

Februari 1931 mwanamume mmoja mwembamba, Joe Angelo, alitembea kwa miguu kutoka New Jersey hadi Washington akaketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka 1918, katika mapigano ya Argonne nchini Ufaransa, alikuwa amemwokoa ofisa wake aliyejeruhiwa, na kwa ushujaa huo akapewa nishani ya juu. Sasa hakuwa na kazi. Aliwaambia wabunge kwamba haombi sadaka. Walimsikiliza, wakamsifu, akarudi kwao mikono mitupu.

Alichokuwa akikidai kilikuwa kimeandikwa katika sheria. Mwaka 1924 Bunge hilohilo liliamua kuwafidia askari wa Vita Kuu ya Kwanza: dola 1 kwa kila siku ya utumishi nchini, dola 1 na senti 25 kwa siku za ng'ambo. Rais Calvin Coolidge alipinga kwa kura ya turufu, Bunge likampiku. Lakini waliodai zaidi ya dola 50 hawakupewa fedha. Walipewa hati ambayo ingelipwa 1945, au mapema zaidi ikiwa mwenyewe angefariki. Ndiyo maana askari wakaiita bonasi ya kaburini.

Uchumi ulipoanguka 1929, hati hiyo ikawa mateso. Mtu alikuwa na karatasi ya serikali inayosema anadai mamia ya dola, na nyumbani hakuna unga. Wright Patman, mbunge wa Texas aliyekuwa mwanajeshi mwenyewe, alipeleka muswada wa kulipa deni lote mara moja. Rais Herbert Hoover alikataa katakata, akisema bajeti haibebi.

Mei 1932 watu wapatao 300 waliondoka Portland, Oregon, wakiongozwa na Walter Waters, sajini wa zamani aliyepoteza kazi. Walidandia treni za mizigo na kuvuka nchi nzima. Habari zao zilipoenea, wengine waliwafuata kutoka kila jimbo, wengi wakiwa na wake na watoto, na kufikia Juni walikuwa takriban 20,000. Kambi yao kubwa ilikuwa kwenye tope la Anacostia, ng'ambo ya mto. Walijenga vibanda vya mbao na mabati waliyookota jalalani, wakapiga marufuku pombe na kuombaomba. Weusi na weupe walilala pamoja na kula pamoja, jambo ambalo jeshi walilolitumikia halikuliruhusu. Mkuu wa polisi wa jiji, Pelham Glassford, naye mpiganaji wa vita hiyo, alitoa fedha zake mfukoni kuwanunulia chakula.

Kila siku walizunguka ofisi za wabunge kuomba kura. Tarehe 14 Juni mbunge Edward Eslick wa Tennessee alianguka na kufa ukumbini akiwatetea. Kesho yake Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa kura 211 dhidi ya 176. Tarehe 17 maelfu walikusanyika nje ya Bunge kusubiri Seneti. Jibu likaja: 62 wamekataa, 18 wamekubali. Waters aliwatangazia, akawaomba waimbe wimbo wa nchi yao, wakaimba, kisha wakarudi kambini. Sijui ushahidi gani zaidi wa uaminifu ungeweza kudaiwa kwa raia.

Vita hiyohiyo ilipita kwetu pia. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Uingereza. Mishahara ya wengi waliofia njiani haikuwafikia ndugu zao, na ndugu hao hawakuwa hata na mbunge wa kumgongea mlango. Wamarekani walikuwa na wabunge waliowachagua wenyewe. Bunge lilipofunga kikao chake katikati ya Julai, baadhi ya wabunge walitokea milango ya nyuma ili wasikutane nao.

Tarehe 28 Julai polisi walianza kuwaondoa katika majengo ya katikati ya jiji. Risasi zikapigwa, na askari wawili wa zamani wakapoteza maisha. Mmoja wao, William Hushka, mhamiaji kutoka Lithuania, alikuwa ameuza bucha lake 1917 ili ajiunge na jeshi. Jioni Jenerali Douglas MacArthur aliingia na askari wa miguu, wa farasi, vifaru 6 na mabomu ya machozi. Hoover alikuwa ameagiza jeshi lisivuke mto. MacArthur alivuka, na kambi ikateketea kwa moto.

Miongoni mwa maofisa wa farasi alikuwepo George Patton, yuleyule aliyeokolewa Argonne. Kesho yake Angelo alikwenda kumwona. Patton aliamuru aondolewe.

Novemba Hoover alishindwa uchaguzi. Wengi wanamhesabu Franklin Roosevelt kama mkombozi wa askari hawa, na hapo mimi sikubaliani. Ni kweli mwaka 1933 mkewe, Eleanor, aliwatembelea walioandamana tena, na wengi wakapewa kazi za umma. Lakini bonasi aliipinga kama mtangulizi wake. Mamia kati yao walipelekwa kujenga barabara kwenye visiwa vya Florida Keys, wakaishi katika kambi dhaifu pembezoni mwa bahari. Septemba 1935 kimbunga kikawapiga, treni ya kuwaokoa ikachelewa, na zaidi ya 200 wakafa.

Januari 1936, mwaka wa uchaguzi, Bunge liliipiku kura ya turufu ya Roosevelt. Malipo yakaanza Juni, miaka 9 kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye hati. Mwaka 1944, vita vya pili vikiwa bado vinaendelea, wabunge walipitisha sheria ya kuwapa askari wanaorudi masomo, mikopo ya nyumba na posho ya kukosa kazi. Mashirika ya wapiganaji wa zamani yaliisukuma kwa nguvu, na wengi waliokuwa Bungeni waliikumbuka Anacostia.