Pensheni Jamii ya Zanzibar

Pensheni Jamii ya Zanzibar ni malipo ya kila mwezi yanayotolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa wazee wakazi wa Unguja na Pemba waliotimiza umri wa miaka 70. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Kwa kawaida neno pensheni humaanisha mafao ya mtu aliyeajiriwa na kuchangia mfuko. Hapa si hivyo: mkulima, mvuvi na mama wa nyumbani wote hulipwa, wala hakuna anayepimwa umaskini wake. Kwa sababu hiyo mpango huu unakaribiana na kipato cha msingi kwa wote, ingawa unahusu rika moja tu. Tanzania Bara haina malipo ya namna hii. Mzee wa Kariakoo asiye na mafao ya ajira hutegemea wanawe, au TASAF ikiwa kaya yake imeorodheshwa kuwa maskini.

Je, serikali inaweza kuyaondoa malipo kama haya?

Inaweza. Mongolia ilianza kumlipa kila raia mwaka 2010 kwa mapato ya madini, ikaacha mwaka 2012 fedha zilipopungua. Katika jimbo la Alaska, Marekani, gavana Bill Walker alipunguza gawio la mafuta la mwaka 2016 kwa takriban nusu, na mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ikamuunga mkono. Lakini kufuta waziwazi ni kazi ngumu kisiasa pale ambapo karibu kila ukoo una mzee anayelipwa.

Njia ya kimyakimya ni kutogusa kiasi huku bei zikipanda. Nchini Iran malipo ya riali 455,000 yaliyoanza mwishoni mwa 2010 yalibaki hivyohivyo kwa zaidi ya miaka kumi, hadi thamani yake ikawa ndogo mno. Zanzibar nayo shilingi 20,000, yaani chini ya 700 kwa siku, haikubadilika kwa miaka saba. Hakuna aliyeipunguza, lakini ilinunua mchele kidogo zaidi kila mwaka.

Mwaka 2023 kiasi kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Mpango ulianzishwa chini ya Rais Ali Mohamed Shein na nyongeza ikatolewa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Wote wawili ni wa CCM, hivyo Pensheni Jamii haijawahi kupita mikononi mwa rais wa chama kingine.