KARANGA: KUTOKA KINUNI HADI CHAKULA DAWA
(Mfululizo wa Chakula cha Mtoto, sehemu ya 4)

Leo ni zamu ya karanga, hasa siagi ya karanga. Kliniki naulizwa sana: "Nesi, hiyo ya kwenye kopo si chakula cha watoto wa mjini?" Jibu lina historia ndefu kidogo, lakini vumilia, mwisho tunarudi kwenye bakuli la mwanao.

IMETOKA WAPI?
Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko waliilima na kuisaga maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika. Wareno ndio walioivusha bahari kuja Afrika, miaka ya 1500. Ilipofika ilikuta ndugu yake yupo tayari: njugu mawe, ambayo ni ya Afrika hii hii na nayo huzaa chini ya udongo. Kwa hiyo bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa. Walishajua kuchimba, kuanika, kukaanga na kutwanga. Ndiyo maana leo ukienda Uganda utakuta mchuzi wa karanga, Zimbabwe wanaiweka kwenye mboga na uji, na sisi tuna kisamvu cha karanga, mchicha wa karanga na kashata. Hiyo karanga iliyotwangwa mpaka ikatoa mafuta ndiyo siagi ya karanga yenyewe. Kilichokosekana ni kopo tu.

KOPO LILIANZIA KWA WAGONJWA
Mwaka 1884 Mkanada mmoja wa Montreal, Marcellus Gilmore Edson, alipata hataza ya rojo la karanga. Mwaka 1895 daktari wa Marekani, John Harvey Kellogg, akaomba hataza yake. Yeye alikuwa akiendesha kituo cha matibabu kule Battle Creek na hakutaka wagonjwa wake wale nyama, akawapa rojo la karanga badala yake. Wengi husema aliyegundua ni George Washington Carver. Huyo mwanasayansi Mmarekani mweusi alifanya kazi kubwa ya kuwahimiza wakulima maskini walime karanga, na mwaka 1916 alitoa kijitabu cha njia 105 za kuipika, lakini siagi ilikuwepo kabla yake.

Miaka ya 1920 viwanda vikapata njia ya kugandisha sehemu ya mafuta ili yasielee juu. Hapo ndipo zilipotokea aina tunazoziona dukani: laini kabisa, yenye vipande, yenye sukari na mafuta ya kuongeza, na ile ya karanga tupu. Ukifungua kopo ukakuta mafuta yameelea, usitupe. Koroga tu. Mara nyingi hiyo ndiyo karanga halisi.

TANGANYIKA NA KARANGA ZA WENGINE
Hii nayo tuijue, maana ni ya kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yao ikaanzisha Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa mabaki ya vita, wakapambana na mibuyu na vichaka. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, na mvua yake ni ya kubahatisha. Waliouishi ule udongo miaka yote hawakuwa ndio wenye kuamua. Januari 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara ipo mpaka leo, lakini reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa.

Angalia karanga hizo zilikuwa za nani. Zilikuwa mafuta ya kupelekwa Uingereza. Mtoto wa Kongwa hakuwa kwenye hesabu. Leo utafiti wa karanga nchini unaongozwa na kituo cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu kama Pendo na Johari, na mkulima mdogo ndiye anayetulisha.

ILIVYOGEUKA DAWA
Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa wiki kadhaa akinywa maziwa maalumu. Maziwa yanataka maji safi, na yakikaa yanaharibika. Mwaka 1996 daktari Mfaransa André Briend na mwenzake Michel Lescanne wakapata jibu: rojo la karanga lenye maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Halina maji ndani, kwa hiyo vijidudu havipati pa kuzaliana. Halipikwi, mtoto analamba mwenyewe. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Jirani zetu Malawi, hapo ng'ambo ya mto Songwe, walikuwa kati ya wa kwanza kuonyesha kwamba mtoto asiye na matatizo mengine anaweza kutibiwa nyumbani na mama yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaunga mkono njia hiyo. Ndicho hicho tunachokiita chakula dawa.

Tafadhali sana: chakula dawa ni dawa ya mtoto aliyeandikiwa. Usigawie wengine, usiuze. Na siagi ya nyumbani haitibu utapiamlo mkali. Mtoto akikonda sana au akivimba miguu, mlete kituoni siku hiyo hiyo.

KWA NINI NAYASEMA HAYA MPUGUSO
Huku kwetu kuna ndizi, viazi, maziwa, maparachichi. Hatuna njaa. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ya vyakula, ndiyo iliyoongoza. Yaani tumbo linajaa, lakini bakuli ni wanga mtupu. Kijiko cha karanga kinaongeza protini na mafuta mazuri kwenye uji ule ule.

Adui ni ukungu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula chenye mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Hapo ndipo sumukuvu ilipojulikana. Mwaka 2016 ilituua watu hapa nchini, Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Kukaanga hakuiondoi. Na sisi wa Rungwe mvua haituachi, karanga ikikaa kwenye unyevu inaharibika upesi.

FANYA HIVI
1. Nunua karanga kavu. Chambua moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au chungu, tupa. Usimpe hata kuku.
2. Kaanga kwa moto mdogo, menya, pepeta.
3. Twanga au saga mpaka itoe mafuta. Usitie maji, wala sukari. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, tengeneza kidogo kidogo.
4. Mtoto akishatimiza miezi 6, anza na nusu kijiko cha chai ndani ya uji, ukoroge hadi ilainike. Siku ya kwanza mpe mchana, umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, kimbia hospitali.
5. Usichelewe kwa hofu ya mzio. Utafiti wa London uliotoka 2015, wenye watoto zaidi ya 600 waliokuwa hatarini, ulionyesha kuanza mapema kulipunguza mzio wa karanga kwa takribani asilimia 80. Ila mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa yai, tuonane kwanza.
6. Karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka 5. Anapaliwa.

Basi mama, kinu unacho, na bibi yake alishakufundisha. Wiki ijayo tutaongelea dagaa.