Tarehe ya Milango ya Mvita na Miti Yake

Tarehe hii yaandikwa ili ikomeke kauli ya wanaosema kwamba Mvita ilinunua milango tu, haikuchonga.

Tulivyopokea kwa wazee, mji ulikuwa wa Mwana Mkisi, kisha akaja Shehe Mvita, na jina lake likakaa juu ya kisiwa na watu wake. Kilindini, Tangana na Changamwe nao wana tarehe zao. Mvita ilikuwa mji wa nyumba za mawe Mreno Almeida alipouteketeza mwaka 1505. Da Cunha akaja mwaka 1528, Wareno wakautia moto tena. Anayehesabu milango iliyosimama leo akasema ya kale haipo na aikumbuke mioto hiyo.

Miti ya heshima ilikuwa miwili. Msaji ulikuja na kaskazi kutoka Malabar, ukashushwa Bandari ya Kale. Kusi likianza, majahazi yaliondoka na boriti za mikoko kwenda Ghuba. Mbambakofi ulikuwa wetu, wa misitu ya pwani hii, na Arabuko-Sokoke mmojawapo. Basi mlango wa mbambakofi usiambiwe umetoka Bara Hindi, maana mti huo ni wa Afrika. Watasema umetoka Lamu. Mafundi wa Lamu na Siyu walichonga vizuri, sikatai, lakini hilo halionyeshi kwamba Mvita haikuchonga.

Mbambakofi haukubali haraka. Fundi anayejua hulipasua gogo robo nne kupitia kiini, na kutoka kila robo akatoa mbao zinazokitazama kiini, pete za mti zikasimama wima katika unene wa ubao. Mbao hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete kuliko kutoka kiini kwenda ganda, ndiyo sababu ubao wa pete wima hutulia. Kisiwani kwetu, mvua za Mei zikija baada ya ukavu wa kaskazi, hapo hujulikana kama bawa la mlango litafunga au litakwama. Mfaa ukipinda, mlango wote umekwisha. Maseremala wa Marekani huupasua mwaloni mweupe kwa njia hiyo hiyo, na miale ya mti hutokeza usoni iking'aa. Kwa njia hii gogo hutoa mbao chache na taka nyingi; anayetafuta wingi hulipasua sambamba toka ubavu hadi ubavu, na mteja ndiye anayelipia baadaye.

Hapa sina budi kusimama kidogo. Kuna waongozaji wa watalii Ndia Kuu wanaofundisha kwamba mnyororo uliochongwa pembeni mwa mlango ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Wazee walituambia mnyororo ni kinga ya nyumba, wa kuzuia shari isivuke kizingiti, nami nashika la wazee. Mgeni huondoka na aibu ya uongo juu ya nyumba ya watu, na wenye nyumba hawakuulizwa.

Turudi kwa mafundi. Wahindi wa Gujarati walileta mtindo wao. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, Makalasinga nao walikuja na randa na patasi zao, na useremala wa mjini ukapata mikono mipya. Kiti cha enzi, marufaa na makasha viliendelea kutoka mikononi mwa Waswahili.

Baadaye milango mingi iling'olewa ikauzwa ng'ambo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 sasa yazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, chini ya Makumbusho ya Taifa, kimefundisha vijana uchongaji. Lakini mti wenyewe umekuwa adimu. Mbambakofi wa Arabuko-Sokoke ulikatwa mno, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma.

Ombi langu ni kwa Ofisi ya Uhifadhi ya Mji wa Kale: inapokagua mlango, kando ya mtindo wa nakshi iandike na jina la mti. Wanaobishana nasi wataisoma hiyo orodha.