Mawe Yanayoongozana na Mshtarii, na Jina la Kihabeshi

Msomaji, ukiwa Mahege kule Kibiti, usiku usio na mwezi, toka nje utazame juu. Ile nyota kubwa nyeupe isiyometameta yaweza kuwa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za Jua letu. Usichoweza kukiona ni msafara wake.

Mshtarii hulizunguka Jua kwa miaka 12 hivi. Kwenye njia hiyohiyo kuna makundi mawili ya asteroidi: moja limetangulia kwa nyuzi 60, jingine linafuata nyuma kwa nyuzi 60. Sasa utauliza, mbona sayari haiyafagii? Mwaka 1772 mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange alionyesha kwamba kwenye sehemu hizo mbili, mvuto wa Jua na wa sayari hukishika kitu kidogo kiende mwendo uleule wa sayari. Watu wa delta mnaelewa: magogo ya mafuriko hayaendi yote baharini, mengine hujikusanya kwenye kona maji yanapotulia.

Hesabu hiyo ilisubiri miaka 134. Februari 1906, Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, akalinasa jiwe la kwanza kwenye picha. Likaitwa Achilles, na yaliyofuata yakapewa majina ya vita vya Troya. Leo yanajulikana zaidi ya 10,000.

Afrika Mashariki inaingiaje? Mawe haya ni mabaki ya enzi sayari zilipokuwa zinaundwa, yaani ni visukuku vya anga. Ndiyo maana chombo cha NASA kilichorushwa tarehe 16 Oktoba 2021 kwenda kuyachunguza kikaitwa Lucy, jina la zamadamu ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Jina Lucy lilitoka kwenye wimbo wa Beatles uliopigwa kambini. Waethiopia wao humwita Dinkinesh, "wewe ni wa ajabu".

Novemba 2023, chombo kikiwa bado njiani, kilipita karibu na asteroidi ndogo iliyopewa jina hilo la Dinkinesh. Kumbe ina mwezi wake! Mwezi ukaitwa Selam, yaani amani, kama mtoto wa zamadamu aliyefukuliwa Dikika, hukohuko Ethiopia. Nasi Tanzania tumo: nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, wataalamu wengi huziona kuwa za jamii hiyohiyo.

Jina si pambo tu, linasema historia ni ya nani. Mwaka 2027 Lucy inatarajiwa kufika kwa Eurybates, kwenye kundi la mbele. Njia ya kwenda kwa mashujaa wa Wagiriki imepitia kwanza kwa bibi yetu, tena kwa jina lake la nyumbani.